Chama cha Vijana wa Kavirondo: Jinsi Kilivyozaliwa Lundha na Jinsi Kilivyokua

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia hupanda vilima, akapita Maseno mahali mstari wa Ikweta unapoikata nchi, na baada ya mwendo si mrefu huwa amefika nchi ya Gem, karibu na mto Yala. Katika nchi hiyo kuna mahali paitwapo Lundha. Si mji mkubwa, na wengi wapitao upande ule hawajui kwamba hapo ndipo vijana wa pwani ya Ziwa walipofanya mkutano wao mkubwa wa kwanza, tarehe 23 Desemba 1921, siku mbili kabla ya Krismasi.

Mkutano ule haukuitwa na Serikali, wala haukuitwa na machifu, ingawa machifu wengine walihudhuria. Uliitwa na vijana waliojua kusoma na kuandika, wengi wao walimu waliofundishwa Maseno. Walichagua viongozi kama ilivyo desturi ya chama chochote: Bwana Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti, Bwana Benjamin Owuor akawa mwandishi, na Bwana Simeon Nyende akatunza fedha. Chama chenyewe wakakiita Young Kavirondo Association, yaani Chama cha Vijana wa Kavirondo. Lakini watu wa kawaida hawakulishika jina hilo la Kizungu. Wao walikiita kwa Kijaluo ‘Piny Owacho’, maana yake ‘Nchi imesema’.

Jina hilo lafaa kuangaliwa kidogo. Kwa muda wa miaka kama ishirini watu wa nchi ile walikuwa wamezoea kuambiwa kwamba Serikali imesema: Serikali imesema kodi iongezwe, Serikali imesema vijana watoke wakafanye kazi. Amri ilishuka kutoka kwa Gavana kwenda kwa P.C. wa Kisumu, kutoka kwa P.C. kwenda kwa D.C., kutoka kwa D.C. kwenda kwa chifu, na chifu akampelekea mwenye boma. Sasa neno lilikuwa linapanda njia ile ile kutoka chini kwenda juu. Jambo hilo lilikuwa geni, na wakubwa wengi hawakulipenda.

VIJANA WENYEWE WALIKUWA NANI

Shule ya Maseno ilianzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1906, miaka mitano tu baada ya reli kufika Ziwani. Reli ilifika Kisumu, mahali Wazungu walipopaita Port Florence, mnamo Desemba 1901. Na mwaka uliofuata nchi yote ya upande huu ilitolewa katika Uganda ikaingizwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Basi mtoto aliyezaliwa wakati reli inafika alikuwa kijana wa miaka ishirini wakati wa mkutano wa Lundha. Hao ndio waliokaa pale chini ya miti: watu ambao baba zao walipigana kwa mikuki, na wao wenyewe walijua kuandika barua kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na wengine kwa Kiingereza.

Maseno haikuwa shule ya watu wapole tu. Katika miaka yake ya mwanzo wanafunzi waligoma, wakisema kwamba wao walikuja kutafuta masomo na si kufanya kazi za mikono. Na huko Gem alikuwako chifu mmoja mkali, Odera Akang'o, aliyekwenda Kampala akaona maendeleo ya Waganda, kisha akarudi na kuwashurutisha watu wake wapeleke watoto shuleni, wapende wasipende. Akang'o alifariki mwaka 1919, kwa hiyo hakuiona Lundha. Lakini si ajabu kwamba mkutano ulifanyika katika nchi aliyoitawala, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imezaa wasomaji wengi.

Vita Kuu ya kwanza nayo iliwafundisha vijana hao. Maelfu ya watu wa Nyanza walichukuliwa katika Jeshi la Wapagazi, lile lililoitwa Kariokor, wakabeba mizigo ya askari hadi nchi ya Wajerumani kusini. Wengi hawakurudi, waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Waliorudi walikuta njaa ya mwaka 1918 na homa kubwa iliyoenea dunia nzima. Walikuwa wamewaona Wazungu wakiugua, wakiogopa na kufa kama watu wengine. Mtu aliyeyaona hayo haambiwi tena kwa urahisi kwamba anyamaze.

MAMBO YALIYOWASUMBUA

Kilichowakusanya hakikuwa jambo moja. Kwanza ilikuwa kodi. Kodi ya nyumba, iliyoanza kwa rupia chache tu, ilifika rupia 8 mwaka 1920. Mwaka ule ule fedha zenyewe zikabadilishwa: rupia ikawa florini, na muda si muda florini ikawa shilingi, hata mtu asiyejua hesabu akawa hajui ana nini mfukoni. Rupia 8 zikawa shilingi 16. Na wakati kodi inapanda, bei za mazao zilianguka duniani kote, nao masetla mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Karani wa leo atafahamu hesabu hiyo bila kuelezwa zaidi.

Pili ilikuwa kazi ya lazima. Mwaka 1919 Gavana, Sir Edward Northey, alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize vijana watoke kwenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Neno lililoandikwa lilikuwa kuhimiza. Lakini chifu aliyehimizwa na D.C. alijua namna ya kumhimiza mtu wake, na si kwa maneno matupu. Kulikuwa pia na kambi ambamo watu walikusanywa kwa kazi.

Tatu ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika alipaswa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, akaiweka katika kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Aliyeondoka kazini bila ruhusa alitafutwa kwa karatasi hiyo. Wasomi wa Maseno walisema kwamba kengele hufungwa mbuzi shingoni, haifungwi mtu.

Lakini jambo lililogusa moyo kuliko yote lilikuwa ardhi, na hapo maelezo kidogo yanatakiwa. Hadi mwaka 1920 nchi hii iliitwa Protectorate, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Mfalme. Mwaka huo ikageuzwa kuwa Koloni. Kwa mtu wa mbali tofauti ilikuwa ya jina tu. Kwa watu wa Kavirondo haikuwa hivyo: walifahamu kwamba nchi iliyolindwa ni ya mwenyewe, na Koloni ni mali ya Mfalme. Wala hofu yao haikuwa ya bure. Katika miaka hiyo hiyo Jaji Mkuu Barth, akiamua kesi ya Wakikuyu wawili waliogombania shamba, alisema kwamba haki za Waafrika juu ya ardhi zilikuwa zimekwisha, nao sasa ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaokaa kwa ridhaa yake. Wazee wa Nyanza, ambao hawakuwa wamenyang'anywa mashamba kama wenzao wa Kiambu, walianza kujiuliza zamu yao itakuja lini.

WALIYOYATAKA

Basi vijana wa Lundha waliyaandika matakwa yao. Walitaka nchi irudishwe kuwa Protectorate. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, na wanawake wasitozwe kodi. Walitaka kambi za kazi zifungwe na mishahara iongezwe. Walitaka kila mtu apewe hati ya shamba lake, ili asije mgeni akamwambia kwamba yeye ni mpangaji. Walitaka shule ya Serikali katika wilaya yao ya Kavirondo ya Kati, maana hadi wakati huo elimu yote ilikuwa mikononi mwa misheni. Na walitaka pia awepo mkubwa mmoja wa kuwasemea watu wote, kama Waganda walivyokuwa na Kabaka wao ng'ambo ya Ziwa.

Msomaji akiyatazama matakwa hayo ataona kwamba ni ya watu waliofikiri mbali. Hawakuomba nyama ya sikukuu. Na tena hawakusema kwamba Mwingereza aondoke. Walisema atimize yale aliyoahidi alipokuja. Kosa lao, kama ni kosa, lilikuwa kuamini kwamba barua iliyoandikwa vizuri itajibiwa vizuri.

RISASI ZA NAIROBI NA SAFARI YA GAVANA

Wakati huo huo Nairobi kulikuwa na moto mwingine. Karani wa simu aitwaye Harry Thuku, kijana wa Kiambu, alikuwa ameunda chama cha vijana wa Kikuyu mnamo Juni 1921, na mwezi uliofuata akakipanua kiwe East African Association ili kiwe cha makabila yote. Serikali ilimkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka afunguliwe ulipigwa risasi, na watu zaidi ya ishirini wakafa, miongoni mwao mwanamke shujaa Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku alipelekwa kifungoni Kismayu, asirudi kwa miaka mingi.

Habari zile zilifika Kisumu haraka, kwa kuwa treni na simu zilikuwako. Ndipo vijana wa Piny Owacho walipojua hatari iliyokuwa mbele yao. Serikali nayo iliogopa kwamba yaliyotokea Nairobi yatatokea Nyanza, kwenye watu wengi kuliko mkoa mwingine wowote. P.C. alikuwa amekwisha kutana nao. Na mwezi wa Julai 1922 Gavana Northey mwenyewe alifunga safari, akaja kuwasikiliza Nyahera, kwenye vilima vilivyo juu ya Kisumu.

Gavana alikubali mambo mengine na kuyakataa mengine. Kambi za kazi alikubali zifungwe. Kodi ikapunguzwa kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12. Lakini juu ya Koloni hakutaka kusikia neno, na kipande kikabaki shingoni. Mwezi mmoja baadaye Northey mwenyewe aliondoka Kenya, akaja Gavana mwingine, Sir Robert Coryndon.

Haifai kuidharau siku ile ya Nyahera. Chama kilichokuwa na umri wa miezi saba, cha walimu wasiokuwa na bunduki wala mali, kilimfanya mkubwa wa nchi atoke Nairobi na kuja kukijibu. Na shilingi nne zilizopunguzwa zilibaki katika kila boma la Nyanza, hata la mtu asiyejua kwamba chama kipo. Hakuna aliyepigwa risasi. Lakini jambo kubwa, la ardhi, lilibaki pale pale lilipokuwa.

BWANA OWEN ANAPEWA CHAMA

Hapa ndipo historia ya chama inapofika njia panda, na watu wenye akili wamebishana juu yake mpaka leo.

Alikuwako Mmisionari Mwingereza aitwaye Walter Edwin Owen. Alikuja Uganda mwaka 1904, na mwaka 1918 akawekwa kuwa Arkidikoni wa Kavirondo, yaani msaidizi wa Askofu mwenye kusimamia makanisa yote ya C.M.S. upande huu. Alikuwa mtu mkali mwenye kalamu kali. Aliandika katika magazeti ya Uingereza juu ya wanawake na watoto waliofanyishwa kazi ya barabara, na masetla walimchukia hata wakaligeuza jina la cheo chake wakamwita Shetani Mkuu wa Kavirondo. Aidha alipenda kuchimbua mifupa ya kale. Yeye ndiye aliyegundua, mwaka 1933, mabaki ya wanyama wa zamani katika kisiwa cha Maboko, si mbali na Kisumu, ambayo wataalamu wa dunia nzima wanayajua.

Mwaka 1923 vijana walimkabidhi Owen uongozi. Jonathan Okwiri akampisha kitini, na jina la chama likabadilishwa: badala ya Young Kavirondo Association kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, yaani Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo cha Kutafuta Hali Njema. Neno ‘vijana’ liliondoka. Likaingia neno ‘walipa kodi’, ambalo si la bure: mlipa kodi ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi.

Kwa nini walifanya hivyo? Wengine husema kwamba Owen alikuja kuzima moto kwa niaba ya Serikali, na vijana wakalaghaiwa. Maneno hayo yana ukweli kiasi, maana Owen mwenyewe hakupenda mikutano mikubwa ya hadhara, na aliona ni afadhali malalamiko yaandikwe na kupelekwa kwa utaratibu. Lakini kusema walilaghaiwa ni kuwafanya wajinga, nao hawakuwa wajinga. Thuku alikuwa Kismayu. Damu ya Nairobi ilikuwa haijakauka. Walimu hawa walikuwa na wake na watoto, na mishahara yao ilitoka misheni. Walikuwa wanachagua kati ya chama chenye Mzungu juu yake na kutokuwa na chama kabisa. Tena Mzungu waliyemchagua hakuwa bubu: alijua njia za London, na mwaka ule ule wa 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza katika waraka wa Waziri Devonshire kwamba katika Kenya faida ya Waafrika itatangulia. Mtu wa kuwakumbusha ahadi hiyo alikuwa na thamani.

Walichopoteza ni ule mwendo wao wenyewe. Chama kilichoitwa ‘Nchi imesema’ sasa kilisema kwa kinywa cha mtu mwingine, na kila karatasi ilipitia meza yake.

PANYA, VYOO NA MITI

Katika miaka iliyofuata mwanachama alijulikana nyumbani kwake zaidi kuliko mkutanoni. Alipojiunga alitoa ahadi ya kuchimba choo, kuua panya, kutochafua chemchemi, kupanda miti, kujenga nyumba iliyo bora, kulala juu ya kitanda na kuacha ulevi uliopita kiasi.

Vijana wa mjini huenda wakacheka wakisikia kwamba chama cha siasa kiliwaagiza wanachama wake waue panya. Wasicheke upesi. Tauni ilikuwa imeonekana Kisumu tangu miaka ya kwanza baada ya reli kufika, ikarudi mara kwa mara, na tauni huletwa na viroboto wa panya. Nyumba ya zamani ilikuwa na ghala karibu, nafaka imemwagika, na watu wakilala chini. Panya aliyekufa usiku aliacha viroboto vyake juu ya mkeka wa mtoto. Kwa hiyo kitanda hakikuwa pambo la Kizungu. Kilimwinua mtu kutoka mahali mauti yalipotambaa. Chemchemi vivyo hivyo. Ng'ombe wakinywa mahali akina mama wanapoteka maji, kuhara damu hakutaisha kijijini.

Wazee waliona mambo haya kwa macho mawili. Choo kilileta shida kubwa, kwa sababu ya miiko: watu wengi hawakukubali kwamba baba mkwe na mke wa mwana watumie shimo moja, na palipokuwa na ubishi huo mwanachama alilazimika kuchimba mawili au kuacha. Miti nayo ilileta mashaka ya namna nyingine. Mtu alipopanda mstari wa miti mpakani, jirani alidhani anajitwalia shamba, na dhana hiyo mara nyingine ilikuwa kweli. Maana walipoona hati hazitoki Serikalini, wengine waliona mti wenye mizizi ni ushahidi mzuri wa kumwonyesha D.C. siku ya kesi.

Kalamu pia haikulala. Chama kilipeleka hati za maombi Serikalini juu ya kodi, kazi, ardhi na elimu, na tume zilipokuja kutoka Uingereza watu wa Nyanza walikuwa na la kusema. Mwaka 1925, baada ya sheria ya mwaka uliotangulia, mabaraza ya wenyeji yalianza kazi katika wilaya, nao wasomi wa kizazi cha Piny Owacho wakapata mahali pa kusemea, na fedha za ushuru wa baraza zikaanza kujenga shule. Mwaka 1931, Bunge la Uingereza lilipotaka kusikia mawazo ya Waafrika juu ya kuunganisha nchi tatu za Afrika Mashariki, mmoja wa mashahidi watatu waliotoka Kenya alikuwa Bwana Ezekiel Apindi, Mjaluo wa kizazi kile cha misheni. Alikwenda London pamoja na Chifu Koinange wa Kiambu na Bwana James Mutua wa Ukambani.

MAFARAKANO

Chama kilikuwa na ufa tangu mwanzo. Jina Kavirondo lilitolewa na watu wa misafara na Wazungu. Wenyeji hawakujiita hivyo. Ndani yake walikuwamo Wajaluo wa pwani ya Ziwa, na upande wa kaskazini makabila ya Kibantu ambayo baadaye yalijiita Abaluhya. Ndani yake tena walikuwamo watu wa C.M.S., watu wa Kwekari wa Kaimosi, na Wakatoliki wa mapadre wa Mill Hill, ambao hawakupenda kuongozwa na mkubwa wa kanisa jingine na kwa hiyo walikuwa na umoja wao.

Dhahabu ndiyo iliyoupanua ufa huo. Ilipatikana Kakamega mwaka 1931, na wachimbaji Wazungu wakamiminika. Mwaka 1930 Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kulinda ardhi ya wenyeji, ikaahidi kwamba shamba likitwaliwa litatolewa jingine badala yake na baraza la wenyeji litaulizwa. Mwaka 1932, dhahabu ikiwa mkononi, sheria hiyo ilibadilishwa upesi ili ardhi itwaliwe bila masharti hayo, na watu wakalipwa fedha. Owen alipiga kelele mpaka Uingereza. Lakini watu wa kaskazini waliona kwamba barua za Arkidikoni hazikuzuia hata jembe moja la mchimbaji, na mwaka 1934 wakawa na chama chao, North Kavirondo Central Association, chenye maneno makali zaidi. Ile hofu ya Lundha juu ya ardhi, ambayo maofisa waliiita ndoto ya wasomi, ilikuwa imetimia katika nchi ya jirani baada ya miaka kumi na moja.

Chama cha Owen kiliendelea kuwapo, lakini kilichakaa. Vijana wapya hawakutaka kuongozwa na Mmisionari, na mwaka 1944 kilizaliwa Nairobi chama cha nchi nzima, kile kilichojulikana baadaye kama K.A.U. Owen mwenyewe alifariki mwaka 1945.

Kazi ya kuwakusanya vijana wa Ziwa ikashikwa na watu wengine. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, alianzisha shirika la biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, lililosajiliwa mwaka 1947 na kujenga nyumba yake, Ramogi House, mjini Kisumu. Mwaka 1953 akawa Ker, yaani mkubwa, wa Luo Union. Chama hicho cha Luo Union kilikuwa na matawi kila mahali Wajaluo walipofanya kazi, na timu yake ya mpira ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1968 ikazaliwa Gor Mahia, timu ambayo vijana wa Kisumu huimba jina lake kila Jumapili, bila kujua pengine kwamba babu zao walijifunza kukusanyika kwa ajili ya jambo zito zaidi kuliko bao.

MATAKWA YALE YALIISHIA WAPI

Shule ya Serikali waliyoiomba haikujengwa kwao. Ilijengwa Kakamega, ikafunguliwa mwaka 1932, na watoto wa Kavirondo ya Kati waliotaka kusoma huko walipaswa kusafiri. Hati za mashamba zilianza kushughulikiwa kwa bidii baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, tena zikaanzia kwa Wakikuyu kwa sababu za vita vya Mau Mau. Katika sehemu nyingi za Nyanza wazee waliokuwa wamezidai kwanza ndio walioziogopa zilipokuja, wakidhani kupima ni njia ya kunyang'anya. Koloni haikurudi kuwa Protectorate. Ilikwisha yenyewe tarehe 12 Desemba 1963, miaka arobaini na miwili, kasoro siku chache, baada ya mkutano wa Lundha.

Kipande ndicho kilichochukua njia ya ajabu. Kilikataliwa Lundha, kikakataliwa Nairobi, kikakataliwa na kila chama kilichofuata. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa kila rangi, Wazungu na Wahindi pamoja na Waafrika, na mara masetla wengi walionena kwa miaka ishirini na sita kwamba alama za vidole ni jambo dogo wakalalamika kwamba ni fedheha kwao. Ndipo kile kikopo cha bati kilipovuliwa shingoni, na wengi wa waliosimama Lundha wakiwa vijana walikuwa wamekwisha kuota mvi.